Kipulizio Kilichogoma Jumamosi

Mimi ni mtu niliyejijenga kwa mikono yangu miwili, na Kanyenye nzima, hapa Tabora, inajua. Nyumba yangu ina mabati mbele na nyuma, sakafu ni ya saruji, na lori linalolala ubavuni mwa nyumba ni langu mwenyewe. Shule niliiacha ningali kwenye kitabu cha kwanza. Lakini nikionja asali nitakwambia nyuki walikula maua ya mti gani, na nikishika bonge la nta nitakwambia kama aliyeiyeyusha alikuwa na haraka. Mpaka makarani wa serikali walikuwa wakija dukani kwangu kuuliza mambo ya asali, wamekaa juu ya debe langu, wanaandika ninayoyasema. Kwa hiyo sioni haya kusema kwamba hapa mjini hakuna kazi niliyoiingilia nikashindwa kuielewa, isipokuwa moja, nayo ni ya kitu kidogo kinachoingia kwenye kiganja. Ni kipulizio cha tarumbeta.

Kwa asiyejua, tarumbeta ni bomba la shaba lililokunjwa, lina vitufe vitatu vya kubonyeza. Mdomo wa mtu haugusi lile bomba. Unagusa kichuma kidogo kinachochomekwa mwanzoni mwake, chenye kikombe cha kuwekea midomo, ukingo unaozunguka hicho kikombe, na tundu chini la kupitishia pumzi. Ndicho kipulizio. Ukikiona mezani utadhani ni kikombe cha mtoto cha kuchezea. Kidude hicho kilinizungusha akili kuliko biashara zangu zote.

Nasimulia habari za miaka ile baada ya vita vya pili vya dunia, Waingereza wakiwa ndio wenye serikali, askari wamerudi kutoka Bama na makoti yao mazito. Sisi wa Kanyenye tulikuwa na chama cha beni. Beni ni ngoma ya kizungu tuliyoifanya yetu: watu wamejipanga kwa mistari, wamevaa sare, wanapiga gwaride, ngoma kubwa inadunda tumboni, na mbele yao wote yupo mmoja anayepuliza. Mkubwa wa chama tulimwita Kingi, kama ilivyokuwa desturi ya beni. Kingi wetu alikuwa fundi cherehani mwenye kitambi na sauti ndogo.

Mpulizaji nilikuwa mimi. Kwanza nilipuliza buruji ya zamani ya askari, ambayo ina sauti chache, hata kuku angeweza kuizoea. Kisha chama kikanunua tarumbeta la kweli, nami nikakabidhiwa. Lilikaa nyumbani kwangu juu ya kabati, limefungwa kwa shuka jeupe, na wageni walipokuja mke wangu alilifunua kidogo upande mmoja, waone linavyong'aa, halafu akalifunika.

Ni lazima nieleze kwa nini nililipenda hivyo. Babu yangu alikuwa kirangozi. Huyo ndiye mtu aliyetangulia msafara wa wapagazi kutoka hapa Unyamwezi mpaka pwani, na alfajiri alipuliza baragumu la pembe, watu wakainuka, wakainua mizigo, wakamfuata. Hata Mwarabu mwenye mali alikuwa nyuma yake. Baba yangu hakufika hapo. Baba alibeba mzigo kati ya wabeba mizigo, na njia nzima aliona kisogo cha mtu mwingine. Mimi tangu utoto nilijiambia kwamba nitarudi mbele. Na katika beni, anayekaa na tarumbeta nyumbani ndiye anayetangulia. Mnanielewa.

Basi tarumbeta lilipokuja, nyimbo nazo zikapanda. Buruji ilikuwa inatembea chini chini, tarumbeta linataka kuruka. Hapo ndipo mambo yalipoanza kunichanganya. Siku nyingine, jioni ya mazoezi, nilipanda juu mpaka wanawake wakaacha vyungu motoni wakaja kusimama mlangoni. Siku nyingine, wimbo ule ule, mtu yule yule, mdomo wa juu uliuma kama umebanwa na bawaba, sauti ikapasuka, kisha ikakatika kabisa, ikabaki pumzi tupu, fuuu.

Mpiga ngoma kubwa wetu alikuwa Mzaramo, fundi baiskeli, na kwa hiyo mtani wangu. Kwetu mtani hakasirikiwi. Tangu enzi za misafara Mnyamwezi na Mzaramo wanatukanana, wananyang'anyana chakula sahanini, wanazikana, na hakuna anayekwenda barazani kushtaki. Siku moja sauti iliponikatikia katikati ya wimbo, akasimamisha ngoma.

"Mnyamwezi," akasema, "hilo ni tarumbeta au mbuzi anazaa?"

"Piga ngoma yako."

"Nitapigaje, na pumzi yako yote inatokea kwenye hilo dirisha la meno? Funga dirisha, bwana, mvua itaingia!"

Watu walicheka mpaka Kingi akashika kitambi. Nami nikacheka. Sisi wa rika langu tulichongwa meno tulipokuwa vijana. Fundi alichukua patasi ndogo akachonga pembe za ndani za yale meno mawili ya mbele ya juu, pakabaki pengo la pembetatu kama mlango wa kibanda. Ndio ulikuwa uzuri wenyewe. Mke wangu amesema mara nyingi kwamba alinikubali kwa sababu ya pengo lile. Watoto wa siku hizi hawachongwi, wanaona haya. Mimi sikuona haya hata kidogo, kwa hiyo maneno ya mtani yaliingia huku yakatokea huku.

Katika mazoezi hayo alikuwepo karani mmoja wa reli, kijana aliyeletwa kutoka Dar es Salaam, shati jeupe, kalamu mfukoni. Alikuwa amejifunza tarumbeta shuleni, lakini hakuwa nalo. Alichokuwa nacho ni kipulizio peke yake, cha fedha, kwenye kijaluba chenye kitambaa cha mahameli. Fikiri mtu anatembea na kijiko cha fedha wala hana wali.

"Shikamoo, mzee," akaniambia.

"Marahaba."

"Mzee, usinione nakuingilia. Tatizo lako ni kipulizio. Hicho chako ukingo wake mwembamba, unakukata mdomo. Jaribu changu."

Nikajaribu. Chake kilikuwa kibaya kuliko changu, kilinibana mpaka machozi yakanilenga. Nikamrudishia. Akakichomeka kwenye tarumbeta letu, akapuliza wimbo wetu tangu mwanzo hadi mwisho, sauti nyembamba, safi, haina mkwaruzo. Watu wakasogea. Nikamwona Kingi anasogea kuliko wengine wote.

Baada ya siku chache Kingi alinijia dukani. Alisema beni ya Nzega inakuja kututembelea, Jumamosi baada ya mavuno, na kama kawaida wenyeji tutawapokea njia panda na kuwaingiza uwanjani kwa wimbo. Siku hiyo, kabla hatujatoka, mimi na karani tutapuliza mbele ya wanachama. Atakayepuliza wimbo wa kupokelea bila kukatika ndiye atakayetangulia, na tarumbeta litakwenda kulala kwake.

"Si kwa ubaya, ndugu yangu," alisema kwa sauti yake ndogo. "Ni wageni. Hatutaki aibu."

Mke wangu alikuwa amesimama nyuma ya pazia. Kingi alipoondoka alitoka, akalitazama kabati.

Sasa, mimi si mtu wa kulia. Nikajiambia: kama ugonjwa ni kipulizio, nitatafuta kipulizio mpaka nikipate. Nilianza kwa mzee mmoja aliyekuwa askari, ambaye alikuwa bado na kipulizio cha buruji yake. Kilikuwa na kikombe kirefu kama kinu. Mguu wake, yaani sehemu inayochomekwa, ulikuwa mwembamba, ukicheza ndani ya bomba, nikauzungushia uzi na nta ukashika. Sauti iliyotoka ilikuwa nene, nzuri, kama ng'ombe aliyeshiba. Lakini kupanda ilikataa. Nikisukuma, inazama. Ng'ombe hapandi mti.

Nikauliza huku na huku, nikaambiwa Kigwa, karibu na stesheni, kuna mzee aliyekuwa mpulizaji wa misheni tangu wakati wa Wajerumani, na ana sanduku la vipulizio. Kigwa palikuwa mahali pangu pa kazi. Warina asali kutoka porini waliniletea madebe pale, nami nilikwenda kwa treni kununua. Na mjue jinsi ninavyonunua. Wenzangu walichovya kidole. Mimi nilikata kipande cha sega kutoka kila debe, nikatia mdomoni, nikatafuna mpaka asali yote iishe ibaki nta, kwa sababu nta ndiyo inayosema ukweli: kama asali imeongezwa maji, nta inakuwa laini vibaya. Ile nta sikuitema haraka. Niliisukuma juu kwa ulimi, ikakaa, nikaendelea kupatana na watu. Mdomo wangu siku za kununua haukuwa na nafasi.

Nilipomaliza na warina, nikaenda moja kwa moja kwa yule mzee. Nilimkuta anaanika ulezi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Wewe ndiye yule mnunuzi wa asali anayejisifu?"

"Ndiye mimi."

Akacheka, akanikaribisha. Sanduku lake lilikuwa la mbao, na ndani vipulizio vilikuwa vimelala kwenye pamba kama mayai. Vikubwa, vidogo, vyenye ukingo mpana kama pete ya mwanamume, vyembamba kama pete ya mtoto, vingine vya shaba tupu vimekuwa vyeusi. Akanipa utaratibu: nichukue kimoja, nipulize sauti moja tu, ya katikati, ndefu, kwa pumzi ya kawaida, nisijionyeshe. Kisha nipumzike, nichukue kingine, nipulize sauti ile ile. Nisikilize wapi sauti inatoka bila kusukumwa, na wapi mdomo hauchoki.

Nikafanya. Na kila nilichochomeka kiliimba. Hiyo ndiyo ajabu ya kwanza. Hata vile vidogo viliimba. Mzee akatikisa kichwa.

"Mdomo wako mzuri," akasema. "Chukua hiki cha wastani. Ukingo wake mpana kiasi, kikombe si kirefu. Hicho kikubwa kitakumaliza pumzi."

Lakini mimi nilikuwa nimekwisha kukishika kikubwa. Baba yangu alinifundisha kuchagua mzigo. Alfajiri, mizigo ikiwa imepangwa chini, wapagazi wageni wa kazi walikimbilia midogo. Baba alisema, "Usikimbilie kidogo, mwanangu, humo mna risasi au shaba. Chukua kikubwa, huenda ni nguo." Nami maisha yangu yote nimechagua hivyo: debe kubwa, nyumba kubwa, lori kubwa, na sijajuta. Kile kipulizio kilikuwa kikubwa, kizito, kina tundu la kuingiza punje ya mtama. Nikakipuliza tena, kikanguruma uwanja mzima. Mzee akainua mikono.

"Haya. Mdomo ni wako."

Nikarudi mjini, ndani ya treni nikitafuna sega nililofungiwa na mrina mmoja. Kufika nyumbani hata viatu sijavua, nikashusha tarumbeta, nikapuliza. Lilipanda juu kama moshi. Mke wangu alipiga vigelegele. Nikamwambia, "Waambie wa reli waje wasikie." Nilikuwa nimeshinda, kwa hesabu zangu.

Jumamosi tulikuwa na ngoma ndogo ya harusi. Nikaoga, nikavaa, nikatoka na kipulizio changu cha misheni. Wimbo wa kwanza, mdomo ukauma. Wimbo wa pili, fuuu.

Mtani akaniambia, "Umekwenda mpaka Kigwa kununua pumzi, ukauziwa iliyovuja."

Usiku sikupata usingizi. Kipulizio kilikuwa kile kile. Au si kile? Nikaanza kumfikiria karani: alishika tarumbeta kabla ya ngoma, labda alibadilisha. Nikachukua tupa nikakipiga alama ubavuni. Jumatatu warina wa Ziba waliniletea shehena dukani, nikaonja mpaka mchana, alasiri nikajaribu tarumbeta: likaimba. Alama ilikuwa pale pale. Jumamosi iliyofuata, alama pale pale, sauti hakuna. Nikamwambia mke wangu nashindwa kuelewa.

"Labda kinajua siku," akasema.

"Chuma kinajuaje siku?"

"Mimi nitajuaje, baba watoto? Nasema ninachokiona. Jumatatu kinakubali, Jumamosi kinagoma."

Nikarudi Kigwa. Nikanunua asali, nikaenda kwa mzee, nikamlalamikia. Akasema yeye alikwisha kuniambia. Akanipa kile cha wastani, nikakipuliza pale kwake, kikaimba vizuri. Nikakileta mjini. Jumamosi, kikakatika. Nikarudi tena, nikachukua chembamba. Kikaimba Kigwa, kikakatika Kanyenye. Ilifika mahali nikawaza ni hewa: labda Kigwa kuna hewa nyepesi, hapa mjini ni vumbi. Nikapuliza nje ya mji, njia ya Nzega, Ijumaa: fuuu. Nikapuliza chumbani, madirisha yamefungwa, siku ya warina: likaimba. Nikasafisha bomba kwa maji ya limau. Nikaacha kula pilipili. Jirani mmoja akaniambia karani ameniwekea kitu, nikaanza kuogopa kupeana naye mkono, na maskini yule alikuwa kila siku ananiamkia kwa adabu. Mfukoni nilikuwa na vipulizio vitatu, vinagongana nikitembea, na mimi mtu ninayejua asali ya kila mti sikujua hata kimoja kati ya hivyo kilikuwa kizuri au kibaya. Ukipima kitu leo kikawa kizito, kesho kikawa chepesi, utalaumu kitu au mizani? Sikuifikiria mizani. Niliona mizani ni mimi, na mimi sina kasoro.

Siku ya wageni wa Nzega ikafika. Nilijiandaa kama bwana harusi. Suruali nyeupe, koti, tarabushi. Meno niliyasugua kwa mswaki na unga wa mkaa mpaka yakang'aa, kama nilivyofanya kila siku ya ngoma, kwa sababu mtu anayetangulia mbele hutazamwa mdomo. Mfukoni vipulizio vyote vitatu.

Wanachama walikusanyika uani kwangu mchana. Karani akapuliza kwanza. Sina kasoro ya kumtoa: hakukatika mahali popote. Kingi akanigeukia. Nikachomeka kile kikubwa cha misheni. Nilifika nusu ya wimbo, mdomo ukauma, nikausukuma, ukauma zaidi, sauti ikapasuka. Nikaomba kubadilisha. Nikaweka cha wastani: nikafika mbele kidogo, nikaonja damu. Mdomo wa juu ulikuwa umechanika kwa ndani. Watu walikuwa wanatazama chini. Hakuna kitu kibaya kama watu wanaokuheshimu wanapotazama chini.

Kingi alikuwa amefungua mdomo aseme, nadhani nilijua atakachosema, ndipo mtani akaweka ngoma chini.

"Ngojeni!" akasema. "Mnamhukumu mtu mwenye njaa? Huyu ni Mnyamwezi, bila asali hata mguu hainui." Akaingia dukani kwangu bila hodi, kwa haki ya mtani, akafunua debe, akatoka na sega zima linachuruzika. Akanishika kidevu mbele ya watu wote. "Achama, mbeba mizigo! Kula, ufe umeshiba!"

Akanisindilia mdomoni. Koti jeupe likapata asali. Watu wakacheka kwa kufarijika, hata karani. Na mimi, ningefanya nini? Mtani hakasirikiwi. Nikatafuna.

Wakati huohuo tukasikia ngoma za Nzega kwa mbali. Walikuwa wamefika mapema. Kingi akachanganyikiwa. "Wamekwisha fika! Tokeni, tokeni! Nani yuko na tarumbeta?" Nilikuwa nalo mimi mkononi. Karani alikuwa bado anafungua kijaluba chake. Nikatoka mbio na watu nyuma yangu. Pa kutemea hapakuwepo, Kingi na mke wake wako ubavuni kwangu. Nikaisukuma nta juu kwa ulimi kama nilivyozoea, nikainua tarumbeta, nikapuliza.

Likaimba. Wallahi likaimba. Kile kipulizio cha wastani kilichonichana mdomo muda mfupi uliopita kilikaa kama kimelazwa kwenye mto. Nilipanda juu, nikashuka, nikapanda tena. Tuliwakuta Nzega njia panda, tukawaingiza, barabara nzima vumbi na vigelegele, na mbele yangu hapakuwa na kisogo cha mtu yeyote.

Uwanjani, wimbo wa nne, maumivu yakarudi ghafla. Nikateremsha tarumbeta, nikapitisha ulimi. Nta ilikuwa imelainika kwa joto, imeteleza, nimeimeza. Ulimi wangu ukakuta lile pengo la meno, tupu, na kingo zake mbili kali kama patasi iliyozichonga. Nikasimama pale kama mtu aliyesahau njia ya kwao. Dirisha. Mdomo wa juu ulikuwa unazama ndani ya lile dirisha kila nikibana kipulizio, unakatwa. Na siku za kununua asali, nta ilikuwa imelijaza. Jumamosi nasugua meno, naliacha wazi.

Nikamtafuta mke wangu kwa macho, nikamwonyesha mdomo. Alidhani nataka maji. Akaleta maji. Nikamwambia, "Nta, mama, lete nta!" Akanitazama kama nimeshikwa na homa, lakini akakimbia. Ile alasiri nilipuliza mpaka jua likashuka, kila nyimbo mbili tatu natafuna kipande kipya, na Nzega wakadhani ndiyo desturi ya Tabora.

Kingi alitangaza tarumbeta litabaki kwangu. Mtani alidai kwamba ni yeye aliyelipuliza, mimi nilikuwa nimeshika tu.

Mngedhani baada ya hapo nilielewa yote. Hapana. Nilipeleka vipulizio Kigwa, pengo limejazwa nta, nikavijaribu vyote upya kwa utaratibu wa mzee: sauti moja, ndefu, bila kujionyesha. Sasa ndipo vilipotofautiana kweli. Kikubwa kilinimaliza pumzi, kama nilivyoambiwa, ingawa siku ile ya kwanza ningeapa kilikuwa bora. Chembamba kilipanda kirahisi lakini sauti yake ilikuwa ya mbu. Cha wastani kilinifaa, ndicho nilichobaki nacho. Kwa nini siku ya kwanza, nikiwa na nta ile ile, kikubwa kiliniimbia hivyo? Sijui. Mzee alisema nilikisikiliza kwa macho. Labda. Baba yangu hakuwahi kuniambia mzigo mkubwa nao unaweza kuwa na risasi.

Wiki moja baadaye karani alikuja dukani, akaniamkia, akaomba nimwonyeshe nilichotumia. Nilimpa mkono kwanza, wa kweli, kwa sababu ya mawazo niliyokuwa nayo juu yake. Kisha sikumficha kitu. Nikamwambia ni nta. Alidhani namtania. Nikampa tarumbeta, nikampa kipulizio changu, nikamkatia sega la mti wa mtundu, asali safi. Akalitafuna kwa adabu, leso chini ya kidevu, akaisukuma nta juu kwa ulimi kama nilivyomwelekeza, kwenye meno yake mazuri, mazima, yaliyoshikana kama matofali. Ikaanguka. Akaisukuma tena. Akapuliza. Sauti ilikuwa ile ile yake ya siku zote.

"Mzee," akasema, asali imefika kwenye kola ya shati, "mbona mimi sioni tofauti?"

Nikamtazama mdomo, nikatazama tarumbeta. Mtani, aliyekuwa mlangoni na gurudumu la baiskeli mkononi, akasema, "Kijana, lete patasi tukuchonge."

Karani akafunika mdomo kwa leso. Nikachukua tarumbeta, nikalipangusa asali, nikalirudisha juu ya kabati.